Walijitayarisha Kufa, Wakazeeka: Wazee Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI katika Historia ya Lubumbashi



Miaka michache iliyopita nilipeleka salamu za jumuiya kwa mama mmoja mjane ambaye alikuwa hajaonekana kanisani kwa majuma kadhaa. Nilimkuta ameketi mlangoni mwa nyumba yake akichambua maharagwe, wajukuu wake watatu wakiwa shuleni. Tulizungumza habari za mvua na bei ya unga. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililokwisha siku nyingi. Ndani yake mlikuwa na chupa ya vidonge. Akaniambia kwamba anameza dawa hizo kwa zaidi ya miaka 15, kwamba wajukuu wanaamini ni dawa za moyo, na kwamba mimi ni mtu wa tatu kuelezwa ukweli. Halafu akasema: "Mwalimu, mimi nilijitayarisha kufa. Niligawa hata vitenge vyangu. Kuzeeka ndiko sikukujitayarisha."

Nimepata idhini yake ya kusimulia haya, nami nimeficha kila kinachoweza kumtambulisha. Neno lake lilinikaa moyoni. Nilisomea ualimu, na mwalimu akikosa jibu hurudi darasani. Basi nimerudi kwenye historia ya mji wetu nikitafuta jambo moja: hapa Lubumbashi, mtu ambaye nguvu zimemwishia amekuwa akibebwa na nani, na kwa masharti gani? Nimeona kwamba kwa zaidi ya miaka 100 msaada katika mji huu umefuata kazi. Anayezalisha hutunzwa, na anayeacha kuzalisha hutafutiwa pa kwenda. Wazee wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ugonjwa ambao wengi wetu huuita SIDA, wanatuonyesha gharama ya desturi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Mji uliozaliwa na kazi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika mahali palipojengwa Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Vijana waliletwa kutoka pande nyingi kuchimba na kuyeyusha shaba: kutoka Luapula, Lomami, Kasai, na baadaye hata Rwanda na Burundi. Mwanzoni walichukuliwa bila wake zao, kwa mikataba mifupi, na aliyeugua au kuchoka alirudishwa kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Kampuni ilibadili mwenendo. Iliona kwamba mwanamume anayekaa na mke na watoto hudumu kazini na hufanya kazi vizuri zaidi. Ndipo zikajengwa kambi zenye nyumba za familia, zahanati, nyumba za kujifungulia, na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Familia ilipokea posho. Watu walizoea kusema kwamba Kampuni ndiyo baba, ndiyo mama.

Huduma hizo zilikuwa za kweli, na wazazi wetu wengi walizaliwa na kukulia ndani yake. Lakini zote zilipitia mlango mmoja, yaani jina la mwanamume aliyeandikwa kazini. Mke alizipata kwa sababu ya mume, na mtoto kwa sababu ya baba. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyetoa mwaka 2001 kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga kati ya 1910 na 1997, ameonyesha jinsi hata mamlaka ya baba nyumbani yalivyotegemea kile alicholeta kutoka kazini, na jinsi yalivyoporomoka kazi ilipopotea.

Na mzee je? Kwa muda mrefu aliyemaliza utumishi alitarajiwa kurudi kijijini ili ukoo umtunze. Mwaka 1961 iliundwa taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, INSS, iliyosimamia pensheni za wale walioajiriwa kwa mkataba na kuchangiwa. Mama aliyeuza mboga sokoni, fundi wa mtaani na mtumishi wa nyumbani asiyeandikishwa walibaki nje. Pensheni yao ilikuwa watoto wao.

Katika kambi za shaba lilizaliwa pia jambo jingine ambalo sisi waumini walei tunapaswa kulikumbuka. Mwaka 1953 Padre Placide Tempels, Mfransisko, alianza utume katika kambi ya Ruwe, karibu na Kolwezi. Hapo ilichipuka Jamaa, kundi la waumini, wanaume kwa wanawake, waliotembeleana nyumbani na kuelezana maisha yao. Jamaa ilienea katika kambi nyingi, kisha ikapata mafarakano, na maaskofu wakaitilia mashaka. Sina nia ya kufufua mabishano hayo. Naitaja kwa sababu moja tu: watu wale walikuwa na nyumba, posho na hospitali, na bado walikuwa na njaa ya kusikilizwa. Kampuni ilijua namba zao za kazi. Wao walitaka mtu ajue yaliyo moyoni mwao.

Reli na virusi

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Nuno Faria na Oliver Pybus wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na Philippe Lemey wa Leuven, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi unaotuhusu moja kwa moja. Walilinganisha vinasaba vya virusi vilivyokusanywa sehemu mbalimbali za Afrika ya Kati, wakafuata nasaba yake kurudi nyuma kama vile mtu anavyofuata ukoo. Walikadiria kwamba mlipuko ulioenea duniani ulianzia Kinshasa, wakati huo Léopoldville, karibu na mwaka 1920. Kutoka hapo virusi vilisafiri na abiria. Kwa makadirio yao vilifika Lubumbashi karibu na mwaka 1937, kabla ya kufika Kisangani, ingawa Kisangani iko kwenye mto ule ule wa Kinshasa.

Sababu waliyoitoa ni reli. Tangu mwaka 1928 njia ya BCK iliiunganisha Katanga na Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ambako mizigo na abiria waliingia katika meli za kwenda Kinshasa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wakipita Kinshasa kwa reli kila mwaka. Shaba yetu ilisafiri kwa njia hiyo, barua za wazazi wetu zilisafiri kwa njia hiyo, na virusi pia, bila mtu yeyote kujua. Sampuli moja ya damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 na kupimwa miaka mingi baadaye ilikutwa na virusi hivyo. Ni mnamo Oktoba 1983 tu ambapo madaktari wa kigeni walifika katika hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa na, pamoja na Daktari Kapita Bila na wenzake Wakongo, wakauthibitisha ugonjwa huu katika wodi zetu. Mwaka 1984 ukaanza Projet SIDA, mradi mkubwa wa utafiti.

Tuhesabu basi. Kati ya 1937 na 1983 ni miaka 46. Kizazi kizima cha miji ya shaba kilizaliwa, kikaoa na kuolewa, kikalea watoto, huku ugonjwa usio na jina ukiwa katikati yake. Tunapomwambia mzee wa leo kwamba aliufuata ugonjwa mwenyewe, tunasahau kwamba uliufuata mji huu kabla yeye hajazaliwa.

Miaka ya kilio

Wale waliokaribia miaka 60 wanakumbuka jinsi mambo yalivyoanguka kwa pamoja. Mei 1990 damu ya wanafunzi ilimwagika katika chuo kikuu chetu, na ushirikiano na Ubelgiji ukakatika. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulipita katika miji ya nchi nzima, na Projet SIDA ikafungwa. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na familia zilizochanganyika kwa ndoa zikararuliwa katikati. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa imezalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 ilizalisha takribani tani 30,000. Mishahara ikachelewa, kisha ikawa kama hadithi. Hospitali za Kampuni zikaishiwa dawa. Baadaye zikaja vita vya 1996 na 1998.

Huo ndio wakati ambao ugonjwa ulianza kuvuna waziwazi. Mwaka 1996 ulimwengu ulitangaziwa kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huzuia virusi visizaliane. Gharama yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Sisi tulisikia habari hiyo kama mtu anayesikia harufu ya chakula cha nyumba ya jirani.

Waliokufa walikuwa hasa watu wa miaka 25 hadi 45, yaani wale wale waliokuwa pensheni ya wazazi wao. Mzee aliyezika watoto watatu alirudi nyumbani na wajukuu saba. Wengine hawakuachwa hata walee kwa amani. Katika mji uliojaa misiba isiyoelezeka, mzee aliyebaki hai huku vijana wakifa alitazamwa kama mchawi aliyewala. Na mjane aliondolewa katika nyumba na ndugu za mume, ingawa Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimpa haki ya kuendelea kuitumia.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katikati ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu kijana na katekista mpya. Niliombwa kuzungumza na kundi la akina mama juu ya ugonjwa huu. Ujuzi wangu wote ulitoka katika mabango ya ukutani. Nilisema kwamba ugonjwa huu huwachagua wanaoisaliti ndoa yao, na nilisema kwa sauti ya mtu aliye na hakika. Kati ya wasikilizaji alikuwamo mama yule wa kopo la maziwa. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, naye hakuwa amemjua mwanamume mwingine. Alitoka kabla ya sala ya mwisho. Kwa miaka zaidi ya kumi hakuja tena jumuiyani, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyebisha mlangoni kwake kumwuliza sababu. Mimi niliyekuwa na wajibu wa kwanza wa kwenda sikwenda.

Dawa ilipofika, Kampuni ilikuwa ikiondoka

Februari 2001 kiwanda cha Cipla cha India kilitangaza kwamba kinaweza kutoa dawa zile tatu kwa chini ya dola moja kwa siku. Mwaka 2002 uliundwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Mwaka 2004 nchi yetu iliunda mpango wa taifa wa sekta nyingi dhidi ya UKIMWI, PNMLS. Polepole, kwanza Kinshasa na miji mikubwa, dawa zikaanza kutolewa bila malipo. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 ilikataza kumbagua mtu anayeishi na virusi na ikalinda siri ya hali yake.

Lakini tazameni tarehe nyingine iliyo katikati ya hizo. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliendesha zoezi lililoitwa la kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Wengi walikuwa wametumika tangu ujana wao. Pamoja na kazi walipoteza hospitali, na watoto wao walipoteza shule. Malipo yale yaliisha kwa madeni, matibabu na biashara ndogo zilizokufa.

Kwa hiyo kizazi kimoja kilipokea habari mbili karibu wakati mmoja: kwamba kinaweza kuishi, na kwamba yule aliyeitwa baba na mama hatakuwapo tena kukitunza. Dawa ilirefusha maisha ya watu ambao kila tegemeo la uzee lilikuwa limeondolewa chini yao, yaani kazi, watoto na kijiji. Mama yetu alipoanza dawa alikuwa amepita miaka 50. Alikuwa amegawa vitenge.

Waliokuwa nje ya hesabu

Mwaka 2007 ulifanyika uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu. Kwa mara ya kwanza nchi nzima ilipimwa damu kwa mpangilio wa kitaalamu, na ikaonekana kwamba watu 1.3 kati ya 100 wana virusi. Uchunguzi wa 2013 na 2014 ulipata 1.2. Ni takwimu muhimu, na ndizo zinazorudiwa katika hotuba. Lakini waliopimwa walikuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 59. Mama wa miaka 53 hakuwamo. Mabango nayo yalizungumza na vijana, na mafundisho yalilenga vijana. Mzee alitajwa kama mlezi wa yatima tu. Hakuna aliyefikiri kwamba mlezi mwenyewe anaweza kuwa na virusi.

Madhara yake yanaendelea. Mzee akikohoa na kukonda, watu husema ni uzee, na kipimo huchelewa. Akianza dawa kwa kuchelewa, kinga ya mwili wake hurudi polepole kuliko ya kijana. Na anayeishi miaka mingi na virusi huongezewa magonjwa ya umri: shinikizo la damu, kisukari, figo, moyo. Dawa za virusi hupewa bure. Dawa ya shinikizo hununuliwa. Nimewajua wazee wanaomeza ile ya bure kwa uaminifu wote na kuiruka ile ya kununua hadi mwisho wa mwezi, na kiharusi hakingoji mwisho wa mwezi.

Leo, ulimwenguni kote, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano wanaoishi na virusi ametimiza miaka 50. Umri huo ndio wataalamu wa UKIMWI huutumia kumwita mtu mzee. Mimi mwenyewe nimeshauvuka.

Kidonge na mwenzi

Karibu na mwaka 2010 watafiti walichunguza hali ya watu wa miaka 50 na zaidi nchini Uganda na Afrika Kusini. Mtu angetarajia kukuta wenye virusi wakiwa taabani kuliko wengine. Walikuta kwamba wazee wenye virusi waliokuwa wakitumia dawa walikuwa na hali sawa, na kwa vipimo fulani bora, kuliko wenzao wasio na virusi ambao walikuwa wameuguza au kuzika watoto wao. Maelezo mojawapo ni rahisi. Mwenye virusi alikuwa na siku ya kliniki. Kulikuwa na muuguzi aliyelijua jina lake, aliyempima na kumwuliza hali. Yule mwingine aliyekuwa akilea yatima hakuwa na anayemwuliza.

Jambo hili linatufundisha kwamba afya ya mzee huenda pamoja na kuwa na mtu anayemngojea. Watu wanaoishi na virusi walilijua hilo mapema. Tangu mwaka 2010 mtandao wa vyama vyao mjini Kinshasa, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka, uliendesha vituo vidogo vya mitaani viitwavyo PODI. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia huchukua hapo dawa za miezi mitatu mikononi mwa mwenzake anayeishi na hali ile ile. Foleni ni fupi, na hakuna haja ya kueleza upya historia ya maisha.

Upande wa nje wa mipaka yetu kuna mifano mingine. Nchini Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba aliyekuwa amefiwa na mumewe alianzisha TASO pamoja na wenzake, wakati ambapo hakukuwa na dawa yoyote ya kutoa isipokuwa kukaa pamoja. Mwaka huo huo hospitali katoliki ya Kitovu, Masaka, ilianza kuwafuata wagonjwa vijijini. Jirani yetu wa karibu kabisa, Jimbo Katoliki la Ndola huko Zambia, lilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1990 huduma ya nyumbani iliyobebwa na watu wa kujitolea wa mitaa yenyewe. Na mkoani Kagera, Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza wa nchi hiyo waligunduliwa mwaka 1983, shirika la Kwa Wazee la Nshamba lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, hasa mabibi wanaolea wajukuu, na kuwaunganisha katika vikundi vya kusaidiana.

Natilia mkazo mfano huo wa mwisho. Pensheni ya Nshamba haiulizi mzee aliwahi kuajiriwa na nani. Hapa kwetu hata misaada tuliyoiunda wenyewe hufuata sheria ya zamani ya Kampuni. Katika likelemba hupokea yule anayechanga. Katika vyama vya misiba huzikwa kwa heshima yule aliyelipa michango yake. Mzee mgonjwa huacha kuchanga, huacha kuja, na mwisho hufutwa katika daftari, wala hakuna aliyefanya kosa lolote kwa mujibu wa kanuni.

Februari 2025

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Katika nchi yetu mpango wa Marekani dhidi ya UKIMWI ulikuwa umejikita hasa Kinshasa, Lualaba na hapa Haut-Katanga. Baadaye ilitolewa ruhusa ya kuendelea na dawa za kuokoa maisha, lakini hofu ilikuwa imekwisha kufika kabla ya ruhusa. Mama yetu alimimina vidonge vyake juu ya kitambaa na kuvihesabu. Alinituma mjukuu aniite, bila kumweleza sababu.

Sikuwa na dawa wala habari ya hakika. Nilikaa naye mpaka jioni. Tulipanga mambo madogo: nani atamsindikiza kliniki, nauli itatoka wapi, nani atakumbuka dawa yake ya shinikizo. Aliniruhusu kumshirikisha dada mmoja wa jumuiya, muuguzi mstaafu, akawa mtu wa nne kujua. Siku hiyo pia ndipo nilipomwomba msamaha kwa maneno niliyoyasema kwa akina mama miaka 30 iliyopita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ulikuwa kijana, Mwalimu. Lakini mbona hukuja?"

Swali hilo ndilo ninalowaachia. Maaskofu wa nchi yetu walichagua mwaka 1961 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai za msingi, nyumba chache zinazojuana kwa majina. Jumuiya haina hospitali wala mfuko mkubwa. Ina miguu ya kutembelea na kinywa cha kunyamaza. Inaweza kubisha mlango bila kudai siri ifunuliwe. Inaweza kufundisha wajukuu kwamba virusi haviambukizwi kwa sahani, kikombe wala kwa kulala chumba kimoja, ili bibi asile peke yake. Inaweza kuwaambia wenye ndoa kwamba yule anayetumia dawa vizuri hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Inaweza kumwacha mzee katika daftari lake hata asipochanga. Zaburi ya 71 imeweka kinywani mwa mzee ombi la kutoachwa nguvu zinapokwisha. Ombi hilo huelekezwa kwa Mungu, lakini mlango unaobishwa ni wa nyumba ya mtaani kwetu, na wa kuubisha ni sisi.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni mzee gani ambaye hajaonekana kwa mwezi mzima, na nani amekwenda kumwona?
2. Kanuni za likelemba yetu na za chama chetu cha misiba zinasemaje juu ya mtu asiyeweza tena kuchanga? Je, tunaweza kuongeza kifungu kimoja?
3. Ni maneno gani juu ya ugonjwa huu tuliyowahi kuyatamka, katika mafundisho au katika mazungumzo, ambayo huenda yalimfungia mtu mlango? Tufanye nini ili kuufungua?